Tupeane uzoefu: Kusimamia miradi ya TEHAMA katika chuo kikuu cha umma

Msimamizi_Bondo: Wenzangu mnaofanya kazi katika vyuo vikuu vya umma nchini Kenya, kuanzia Njoro hadi Maseno na Bungoma, naomba tupeane uzoefu. Nimekabidhiwa mradi wa kuhamisha rekodi za wanafunzi kutoka mfumo wa zamani hadi mpya, na ningependa kujua ni hatua ipi iliyowachukulia muda mrefu kuliko mlivyotarajia. Panapohusu makosa, tafadhali msivitaje vyuo kwa majina.

BiMasjala (Kisumu): Ni usafishaji wa data, bila shaka yoyote. Mradi kama huo ulipoletwa katika ofisi yetu ya msajili wa masomo, mkandarasi alidhani kwamba angepewa faili moja, aipakie, kisha aende zake. Kumbe nambari ya usajili ya mwanafunzi huyo huyo iliandikwa kwa mikwaju (/) katika idara yake na kwa vistari (-) katika ofisi ya karo, na jina lililokuwa katika orodha ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, halikulingana na lile la kitambulisho. Mfumo ukikuta tofauti hizo huhesabu watu wawili, mmoja mwenye deni la karo na mwingine mwenye alama za mitihani. Mtaalamu wa programu hawezi kulitatua jambo hilo. Anayeliweza ni karani aijuaye historia ya kila faili, ndiyo maana nawasihi mumwingize katika kamati ya mradi tangu mwanzo, mumpunguzie kazi nyingine, na sahihi yake ihitajike kabla ya mfumo wa zamani kuzimwa. Sisi tuliendesha mifumo yote miwili sambamba kwa muhula mzima, tukalinganisha orodha za wahitimu, na hapo ndipo makosa ya alama za mitihani ya marudio yalipojitokeza.

AfisaUnunuzi (Nakuru): Naongeza suala la kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, ilhali wanafunzi wapya huripoti yapata Agosti au Septemba, kwa hiyo miradi mingi huharakishwa ili ilipwe kabla ya Juni, kisha huanza kutumika katikati ya msongamano wa usajili. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, mkataba hautiwi sahihi kabla ya siku 14 kupita tangu wazabuni waarifiwe matokeo, na mmoja wao akilalamika, bodi ya mapitio ina siku 21 za kuamua. Anayetangaza zabuni mwezi Aprili amejifunga mwenyewe, afadhali Oktoba. Ada ya leseni ya kila mwaka nayo iwekwe katika bajeti ya kawaida ya chuo, kwa maana nimeona mfumo mzuri ukifungwa katika mwaka wake wa pili kwa kukosa ada hiyo, na kwangu huo ni ubadhirifu hata kama hakuna aliyeiba shilingi.

FundiMtandao (Kakamega): Sina mengi. Huku kwetu radi si mgeni, na kebo za shaba zinazounganisha jengo na jengo hupitisha mshtuko wake hadi kwenye swichi na seva. Kati ya majengo tumieni faiba ya kioo, ambayo haipitishi umeme, na nakala rudufu za data zihifadhiwe nje ya bewa hilo.

Msimamizi_Bondo: Ahsanteni sana. Bi Masjala, zile alama zilizokuwa kwenye karatasi pekee mliziingizaje?

BiMasjala (Kisumu): Ziliingizwa na makarani wawili, kila mmoja peke yake, kisha mfumo ukatuonyesha walipotofautiana, hapo karatasi yenye sahihi ya mtahini ndiyo iliyoamua. Tulianza na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakisubiri kuhitimu.