Naomba ushauri: povu la kokteli ya wiski na limau halidumu

Ndugu zangu, naombeni msaada wa wenye uzoefu. Huwa natumia mililita 60 za wiski ya bourbon, 30 za maji ya limau lililokamuliwa papo hapo na 20 za shira ya sukari na maji kwa vipimo sawa, kisha naongeza ute mweupe wa yai moja. Natikisa kwanza bila barafu kwa sekunde 15 hivi ili ute uumuke, ndipo natia barafu na kutikisa tena mpaka chombo kigande baridi mkononi.

Ladha naipenda, tena sana. Tatizo ni povu. Nikishachuja kwenye glasi, linakaa jeupe na zito kwa dakika moja tu, halafu linafanya mapovu makubwa makubwa kama ya sabuni, na harufu ya yai inajitokeza. Je, nirefushe ule mtikiso wa kwanza, au barafu yangu, ambayo ni vipande vidogo vinavyoyeyuka upesi, ndiyo inayokizimua kinywaji? Aidha, kwa kuwa rafiki yangu mmoja hali mayai, naomba kujua kipimo cha maji yaliyochemshiwa dengu yanayoweza kushika nafasi ya ute.