Ukikata ACL (kano ya katikati ya goti) upimwe gegedu mapema, au ni kujitafutia presha?

GotiBovu: Wakuu tujadili bila matusi. Nimekata ACL miezi mitano sasa, eksirei ikasoma safi, nikaambiwa nenda kwa fizio. Juzi nasoma kumbe gegedu (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa) linaanza kumomonyoka wiki za mwanzo tu, vipande vyake vinapimika kwenye mkojo (CTX-II) na damu (COMP), na karibu nusu ya waliokata wanakuja kusagika goti baada ya miaka 10 hadi 20. Sasa kwa nini tusipimwe wote mapema? Eksirei inaona mfupa, gegedu haioni.

ChumaUlete: Upime ili iweje? Ukiambiwa imepanda kuna dawa ya kurudisha gegedu? Hamna. Wengi wenu mnaosagika ni uvivu wa mazoezi, wiki mbili mshachoka mnaanza kuhangaika na mkojo

GotiBovu: Mvivu mimi?? Umeniona wapi wewe. Nachuchumaa kila siku mpaka natetemeka, baiskeli juu, asubuhi nakimbia taratibu. Usiongelee usiyemjua.

BintiMaabara: Mkojo haukuambii vipande vimetoka goti lipi. CTX-II ni masalia ya kolajeni aina ya pili (protini inayojenga gegedu) na hiyo ipo viungo kibao, kwa hiyo kiuno kibovu nacho kinachangia. COMP ndo kabisa, ukikimbia tu inapanda halafu inashuka yenyewe. Ndo maana watafiti wanapenda kufyonza maji ya goti lenyewe, pale siku za mwanzo unakuta interleukini-6 (kemikali ya uvimbe) na MMP-3 (kimeng'enya kinachomomonyoa gegedu) ziko juu. Ila nani anataka sindano ya goti kila mwezi.

ChumaUlete: Hahaha kumbe ukikimbia inapanda, basi jamaa wa kutetemeka akapime leo ataambiwa gegedu limeisha jana

GotiBovu: Endelea kucheka, goti lako halijakatika ndo maana.

Tulivu: Mnapoteza la maana. Gegedu halina neva wala mishipa ya damu, likianza kuharibika halikuumi, siku unasikia maumivu mambo yameshakwenda mbali. Kipimo hiki faida yake kubwa ni kwenye kujaribu dawa, maana bila hicho unasubiri miaka kumi ndo ujue kama dawa ilifanya kazi.

MzeeWaBeki: Vijana mnapenda mambo makubwa. Hata kisu chenyewe hamkihitaji, kule Swideni walichukua watu kama mia mbili hivi, wengine opereshen wengine mazoezi, mazoezi yakatosha. Mimi nimecheza beki miaka 12 najua magoti.

BintiMaabara: Walikuwa 121, majibu yalitoka 2010. Na hilo la "yakatosha" umetia chumvi, wa mazoezi kwanza walikuwa 59 na 23 kati yao walifanyiwa opereshen ndani ya miaka miwili. Kweli hali ya goti kati ya makundi haikutofautiana, hapo uko sahihi.

MzeeWaBeki: Siku hizi hata salamu hakuna, mtu anaingia na masahihisho.

BintiMaabara: Shikamoo mzee. Ila beki na maabara ni vitu viwili.

ChumaUlete: 😂😂 mzee kapigwa chenga mwenyewe

MzeeWaBeki: Wewe kaa kimya, umeita watu wavivu toka asubuhi na hujasema wewe umecheza wapi.

ChumaUlete: Mimi kipa

GotiBovu: KIPA. Ananiita mvivu kipa.

Tulivu: Kuna mtu alisoma nilichoandika?

KifundoCheupe: Samahani nimechelewa, kwani ukikata ACL usipofanyiwa opereshen unaweza kurudi kucheza? Mdogo wangu kaambiwa asubiri miezi tisa

BintiMaabara: Miezi tisa kwa kawaida ni kwa waliofanyiwa opereshen. Wasiofanyiwa wapo wanaorudi, inategemea goti linamchomoka au limetulia, aangaliwe na fizio kwanza.

MzeeWaBeki: Marahaba binti. Ila hiyo 23 naenda kuihakiki.