Kutoka kiungo hadi kocha: Desiree Ellis alipitia wapi?

Namba8:
Habari zenu. Nimecheza kiungo tangu shule, sasa goti limekataa, na klabu inataka nibaki niwafundishe wasichana wadogo. Kila ninayemwomba ushauri ananitajia Desiree Ellis wa Afrika Kusini: alikuwa nahodha, akawa kocha, akabeba Kombe la Afrika. Wanaruka yote ya katikati, na mimi nayataka hayo. Alijifunzia wapi?

KochaMamaZu:
Mdogo wangu, umeuliza penyewe. Mimi nafundisha timu ya wasichana na huyu mama nimemfuatilia kwa miaka mingi.

Anza na umri. Ellis alizaliwa Cape Town mwaka 1963, nchi yake ikiwa imefungiwa nje ya soka la kimataifa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. FIFA iliirudisha mwaka 1992. Banyana Banyana, timu ya taifa ya wanawake ya Afrika Kusini, walipocheza mechi yao ya kwanza, Mei 1993, dhidi ya Swaziland, alikuwa na miaka 30. Wakashinda 14-0, yeye akafunga matatu. Fikiria kiungo anayeanza timu ya taifa katika umri ambao wengine wanaagwa! Miaka yake mizuri ilikuwa imeshaliwa na siasa, na bado akawa nahodha mpaka mwaka 2002.

Halafu yale wanayoyaruka. Mwaka 2014 alikubali kuwa msaidizi wa Vera Pauw, kocha wa Banyana kutoka Uholanzi. Nahodha wa zamani mwenye heshima zote, anakaa pembeni ya mtu mwingine. Pauw alipoondoka baada ya Olimpiki ya Rio 2016, Ellis akapewa timu kwa muda tu, na akabaki wa muda hadi 2018, ingawa mwaka 2017 alishatwaa COSAFA, kombe la nchi za kusini mwa Afrika. Mimi nasema hapo ndipo kocha alipopikwa, kuliko kwenye unahodha.

Beki_Mstaafu:
Dada, kwa heshima, unahodha usiudharau. Kiungo anaona uwanja mzima, anajua nani amechoka kabla benchi halijajua. Sisi mabeki tunaona migongo ya wenzetu tu.

KochaMamaZu:
Kaka, kuona ni kweli. Ila kiungo akiona nafasi anapiga pasi mwenyewe. Kocha akiiona hana mguu wa kuipiga; lazima awe amemfundisha mtu kuiona tangu mazoezini. Ndiyo maana WAFCON, yaani Kombe la Afrika la wanawake, ya 2022 naipenda kuliko zote. Thembi Kgatlana, mshambuliaji wao hatari, aliumia hatua ya makundi akaondoka. Fainali wakaicheza Rabat dhidi ya wenyeji Morocco, uwanja umejaa, na Hildah Magaia akafunga mawili: 2-1. Taji lao la kwanza. Timu iliyojengwa juu ya mtu mmoja isingeweza hilo.

Namba8:
Asante sana, mama. Na kushindwa? Mimi nikipoteza mechi silali.

KochaMamaZu:
Alishindwa vizito, na watu wakitazama. Fainali ya WAFCON 2018 walipoteza kwa Nigeria kwa penalti. Kombe la Dunia 2019, mechi tatu, vipigo vitatu. Kombe la Dunia 2023, kwa Sweden waliongoza 1-0 wakafungwa 2-1, kwa Argentina waliongoza 2-0 ikaisha 2-2. Wengi wangeingia mechi ya Italia wakijilinda. Wao waliendelea kushambulia hadi Kgatlana, aliyekwisha kupona, akafunga la 3-2 dakika za nyongeza. Wakaingia 16 bora kwa mara ya kwanza.

Wewe omba kwanza kuwa msaidizi wa kocha aliyepo hapo klabuni, msimu mmoja au miwili, huku ukisomea leseni. Na mazoezini usiwe unaingia kucheza, hata goti likipona. Simama nje ya mstari, uwaache wakosee pasi, kisha uwaulize waliona nini.

Namba8:
Kesho namfuata kocha nimwombe. Hilo la kutoingia kucheza ndilo litanitesa.