Naomba ushauri: drakma ya Wagiriki wa kale niihesabu gramu ngapi?

Wakuu, habari zenu. Naandaa jedwali la uzito wa sarafu za Ugiriki ya kale kwa wanafunzi wangu wa historia, na nimekwama kwenye gramu.

Kwa Athene hesabu inakwenda vizuri: drakma ni kama gramu 4.3, oboli ni sehemu ya sita yake, na ile sarafu ya bundi ya drakma nne ina gramu 17.2 hivi. Drakma 100 ni mina, na mina 60 ni talanta. Shida ni miji mingine. Drakma ya Aegina ilikuwa nzito, kama gramu 6. Korintho nao stateri yao (sarafu yao kuu) ya gramu 8.6 waliigawa drakma tatu! Sasa andiko likitaja drakma 50 tu bila mji, mnachukua kipimo kipi?

Halafu kuna kuchakaa. Sarafu iliyozunguka mikononi mwa watu hupungua, kwa hiyo wastani wa zilizobaki huwa chini ya kipimo cha awali. Mimi naelekea kuhesabu zile zisizolika tu. Wenye uzoefu mnaonaje? Na talanta ya Athene niandike kilo 25.8, au niseme karibu 26?