Nina miaka 42 na viinitete vitatu: nipime vinasaba au nipandikizwe tu?

Mama Vitenge, Mtwara:

Habari zenu wapendwa. Nipo Mtwara mjini, nauza vitenge sokoni. Mwezi wa tano natimiza 43. Niliolewa mara ya pili nikiwa na 39, na tangu hapo nimeshika mimba mbili, zote zikatoka kabla ya wiki ya kumi. Msimu uliopita tulipouza korosho za shamba la Nanyamba tukapanda basi kwenda Dar. Hospitalini walivuna mayai yangu tisa, wakayachanganya na mbegu za mume wangu nje ya mwili, sita yakarutubika, siku ya tano vikabaki viinitete vitatu, yaani mimba changa kabisa. Vyote vimegandishwa.

Sasa daktari ananiuliza kama nataka vipimwe kabla ya kupandikizwa. Wanachomoa seli chache upande wa nje, ile sehemu inayokuja kuwa kondo la nyuma, wanaangalia kama kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, zimetimia 46. Bei waliyonitajia inakula hela yote niliyoiweka kwa raundi nyingine.

Mume wangu kasema niamue mimi. Mjomba wa Newala, ambaye kwetu ndiye mwenye sauti, kaniuliza: "Mnataka kupanga watoto madaraja kama korosho ghalani?" Nilicheka. Usiku nikalia. Mtoto mwenye Down, yule anayezaliwa na kromosomu moja ya ziada, nitamlea, hilo halinitishi. Ninachoogopa ni mimba ya tatu kutoka. Mliopitia hili mlifanyaje?

Nesi Mstaafu, Lindi:

Pole mwanangu. Shika hili kwanza: kipimo hakitibu kiinitete. Kama kati ya vitatu kimoja ni kizima, ukipandikizwa kimoja kimoja utakifikia hata bila kupima. Unachonunua ni muda, na kupunguza mimba za kutoka, maana kwa umri wako viinitete vingi huwa na hitilafu ya kromosomu. Kuna utafiti mkubwa uliochapishwa 2019, wanawake 661. Kwa jumla waliopimiwa na wasiopimiwa hawakupishana sana katika kushika mimba. Ila walikuwa wa miaka 25 hadi 40, wewe umeshavuka hapo.

Majibu nayo si mazima au mabovu tu. Kuna ya mchanganyiko, seli nyingine sawa, nyingine hapana. Viinitete vya namna hiyo vimeshazaa watoto wazima, iliripotiwa tangu 2015. Waulize mapema wao wanavifanyaje, wasije wakavitupa. Na usidhani kinaona kila kitu: selimundu haimo, ina kipimo chake.

Jambo jingine, vya kwako vimeshaganda. Kuvipima ni kuyeyusha, kuchomoa, kugandisha tena, kisha kuyeyusha siku ya kupandikiza. Hilo walikueleza?

Wa Mtanda:

Mimi nilikuwa na 41, viinitete viwili, nikapima. Vyote vibovu. Nikarudi Lindi mikono mitupu, sikupandikizwa hata kimoja. Kuna siku nawaza labda kimoja walikikosea. Lakini nilishasafishwa kizazi mara tatu, dada, na ya nne nisingeiweza. Kwa hiyo sijutii, ila sikudanganyi kwamba nina amani.

Mkulima wa Tandahimba:

Huyo mjomba atachangia nauli ya Dar? Kama hachangii, msalimie tu.

Nesi Mstaafu, Lindi:

Hahaa, baba, mjomba ni mjomba.

Mama Vitenge, Mtwara:

Shikamoo nesi, asante sana. Hilo la kugandisha mara mbili sikuambiwa, au niliambiwa nikiwa bado na usingizi wa dawa. Wa Mtanda, pole dada yangu, umenisemea kitu nilichokuwa sikijui jina.

Nimekaa na mume wangu jioni hii tukapiga hesabu. Tukipima, halafu vyote vikatoka vibovu, hela imeisha na hakuna raundi nyingine mpaka korosho za mwakani, nami nitakuwa na 43 na ushee. Tusipopima, nina nafasi tatu, na huenda nikalia mara tatu. Naelekea kuanza na kimoja bila kupima. Kesho nampigia daktari nimuulize vinavyoharibika wakati wa kuyeyusha kwao ni vingapi. Kuna mtu aliyegandishiwa mara mbili akajifungua?