Kijana wangu wa kidato cha tatu amekata tamaa na masomo, nimtie moyo vipi?

Bi_Langoni:
Asalaam aleikum jamaa. Naomba ushauri wa mtu aliyelea kijana au anayesomesha. Mwanangu wa pili yuko kidato cha tatu, skuli ya kutwa hapa Amu (Lamu). Darasa la nane alifanya vizuri, ila tangu mwaka jana amelegea. Skuli anakwenda, nikimtuma hanikatai, lakini moyo haupo. Juzi nimefungua daftari lake la hesabu. Kurasa za mwanzo zina mwandiko mzuri, majibu yamepigiwa mstari kwa rula. Baadaye zinafuata kurasa ambazo amenakili swali, akaacha nafasi ya jibu, basi. Muhula uliopita alipata D+.

Wikendi yuko Shela kwenye boti ya ami yake, wanapeleka wageni Manda Toto. Anarudi na pesa mkononi. Nikisema naye ananijibu, "Mama, wangapi wamemaliza chuo kikuu na wamekaa barazani?" Jawabu sina, maana nawaona. Babake anataka amkataze boti kabisa. Mimi naogopa tukimbana sana ataacha skuli moja kwa moja.

Mwalimu_Malindi:
Wa aleikum salaam dada. Mimi nafundisha hesabu, na hizo kurasa zimenipa matumaini. Mvivu hajisumbui kunakili swali. Huyu alitaka kujibu, akakwama, akaona haya kuuliza mbele ya wenzake. Hesabu ukikwama mada moja, ya mbele nayo inakushinda, na kijana wa umri huo afadhali aonekane hajali kuliko aonekane hajui.

Kaa naye mtafute ukurasa wa kwanza ulioachwa wazi, muone ni mada gani. Mpelekee mwalimu wake, umuombe aanzie hapo hapo, hata ikiwa ni kazi ya kidato cha pili. Tena usimwambie "jitahidi" peke yake, neno hilo amelisikia mpaka limemchosha. Mwambie, "Leo fanya maswali haya matatu, nionyeshe ulipofika." Akikosa mawili akapata moja, lile moja lisifie kwa alichofanya: amepanga hatua zake, hakufuta akakimbia.

Hesabu hawezi kuikwepa. Tangu KCSE (mtihani wa kidato cha nne) ya 2023, wastani unatokana na hesabu, lugha moja aliyofanya vizuri zaidi, na masomo matano mengine bora. E ni pointi 1, D+ ni pointi 4. Kwa mtoto aliye chini, pointi hizo tatu zinapatikana kwa kazi ya kila siku, hazihitaji kipaji.

Baba_Wawili:
Mimi niko na babake. Pesa ikishaingia mfukoni mwa mtoto, kitabu hakioni. Boti akaipande baada ya mtihani.

Nahodha_Shela:
Ndugu, kwa heshima, sikubaliani nawe. Ukimfukuza botini atakwenda boti nyingine, kwa mtu asiyemjua mamake. Bi Langoni, zungumza na huyo ami. Yeye ndiye anayesikilizwa sasa hivi. Amwambie kijana: Jumamosi njoo, Jumapili ni ya vitabu, na Jumamosi yenyewe kazi ya skuli nione kwanza. Halafu amuonyeshe hesabu za boti zote, mafuta, matengenezo ya injini, na mwezi wa tano na wa sita, kusi ikivuma, hoteli nyingi hapa Shela zikifungwa na boti zikilala. Kijana anaona siku nzuri za Disemba tu. Na akipenda bahari kweli, kuna Bandari Maritime Academy kule Mombasa, ambako cheti cha kidato cha nne kitaulizwa.

Mwanachuo_Kilifi:
Mama, mimi ni wa Amu, sasa niko Pwani University. Mpe somo moja aanze kushinda mapema, nalo ni Kiswahili. Wengi wetu twakidharau kwa kuwa tumezaliwa nacho, na hapo ndipo tunapoachia alama. Karatasi ya pili ina alama 80, na matumizi ya lugha peke yake ni 40. Afanye karatasi za miaka iliyopita kwa saa, kama yuko mtihanini. Nyumbani kukiwa na kelele, kwenye ngome ya Amu kuna maktaba.

Lile swali la waliokaa barazani, usimuahidi kazi, atajua unamdanganya. Muulize anataka kufanya nini, kisha mtazame pamoja inataka alama gani. Digrii ni C+. Diploma za KMTC, chuo cha mafunzo ya utabibu ambacho kina tawi hapa Lamu, ni wastani wa C pamoja na masomo maalum. Asitegemee kurudia pia. Wao watakaofanya KCSE 2027 ndio wa mwisho wa 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu, nyuma yao hakuna darasa.

Bi_Langoni:
Mungu awalipe kheri nyote. Nimemuuliza kuhusu zile kurasa, bila kufoka. Amenyamaza kidogo, akasema ni logarithimu, alikosa wiki ile alipokuwa na homa. Ami yake amekubali habari ya Jumapili. Babake bado, tutazungumza usiku. Mwalimu, logarithimu aanzie wapi mtu aliyekosa mwanzo wake?

Mwalimu_Malindi:
Aanzie sheria za vipeo, kidato cha pili. Akiweza kusema kwa nini 10 kwa kipeo cha 2 mara 10 kwa kipeo cha 3 ni 10 kwa kipeo cha 5, logarithimu atazielewa. Apige picha kazi yake aitume hapa, nitamsahihishia.