Shati la babu la KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki): kijani au kaki?

Wakuu, nimefungua sanduku la babu hapa Kongwa. Alipigana Burma. Shati lake ni la kijani, ila ndani ya mshono wa mfuko ni kaki. Nini kilitokea?

Fundi cherehani, Majengo:
Ndugu yangu, lilichovywa. Burma 1944 ilikuwa misitu, kaki ilimwanika askari, hivyo nguo nyingi zilitiwa kijani. Pindo nene halinywi rangi sawasawa, nayaona haya kila siku. Tafadhali usilifue kwa dawa!

Mdau, Mpwapwa:
Vita ya Kwanza ya Dunia ndiyo ilikuwa na shida ya nguo. Waingereza walifunga bahari, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, wakavaa pamba iliyofumwa hapahapa, ikatiwa rangi ya mizizi.

Mleta mada:
Asanteni. Kifungo kimoja kimeshonwa kwa uzi mweupe. Nadhani ni bibi.